“Vidole havisomi”: kagua mchoro kabla ya kumlaumu mteja

Tangu usajili wa laini za simu kwa alama za vidole uanze Mei 2019, mashine ya vidole imekuwa kitu cha kila siku Mwanza. Ipo kwa wakala wa Buzuruga, ipo kwenye maofisi, ipo hata getini kwa viwanda vya minofu ya sangara. Na kila ilipo kuna kauli inayofunga mjadala: “Mama, vidole vyako havisomi.” Mteja anageuza mkono, anautazama kana kwamba ndio wenye kosa, anaondoka.

Kauli hiyo inataja kilichotokea tu, haisemi kwa nini kimetokea. Mara nyingi vidole ni vizima na mashine ni nzima, ila picha iliyobandikwa pembeni imemwelekeza mtu kufanya jambo ambalo mashine haiwezi kulipokea. Mwongozo huu ni kwa wanaochora picha hizo, wanaozichapisha steshenari na wanaozibandika. Tunakwenda kwa dalili, yaani kile unachomwona mteja akifanya mbele ya kaunta.

Kwanza, kosa liko wapi?

Usiguse mchoro kabla ya kufanya majaribio matatu. Hayazidi dakika mbili.

1. Futa kioo cha mashine kwa kitambaa laini kikavu. Mhudumu aweke kidole chake mwenyewe, kile kinachosoma kila siku. Kikigoma, tatizo ni mashine, programu au mwanga. Mchoro hauna hatia hapo.
2. Kikisoma, mwite mteja aliyeshindwa. Usimwonyeshe picha. Mwelekeze kwa maneno: “Laza kidole chote, usibonyeze, tulia mpaka ilie.” Kikisoma sasa, mchoro ndio ulioshindwa, kwa sababu mikono ni ileile na kioo ni kilekile.
3. Kikigoma hata baada ya kulazwa sawasawa, sasa tazama kidole chenyewe: maji, magamba, chumvi, nyufa, makovu.

Chukua daftari, gawa safu tatu kwa majaribio hayo (mashine, mchoro, kidole), andika kwa siku moja kila aliyeshindwa yuko safu ipi. Ukishaona safu ya pili imejaa, una kazi ya kuchora upya. Angalizo moja: kidole cha mhudumu kimeshazoea, hukilaza hata akiwa amefumba macho. Jaribio la kwanza linakueleza habari za kioo, halikuelezi lolote kuhusu picha. Wengi hukosea hapa, wakasema “mbona mimi inanisoma?”

Mteja anaweka kidole juu ya stika

Hili huonekana dogo lakini hutokea sana kwenye mashine ndogo za mkononi. Stika ina alama ya kidole, ile ya mistari ya mviringo, imechapwa kwa ukubwa wa kidole halisi, tena imebandikwa sentimita mbili tatu kutoka kwenye kioo. Kioo chenyewe ni cheusi, hakina maandishi. Mtu mwenye akili timamu ataweka kidole wapi? Pale penye picha ya kidole.

Ondoa alama hiyo karibu na kioo. Ikibidi ibaki, ikuze mpaka isilingane kabisa na kidole cha mtu, upana wa sentimita 5 au zaidi, na uipeleke ukutani au kwenye ubao ulio juu ya kaunta. Kwenye mashine yenyewe zungushia kioo fremu nene ya rangi inayong’aa, njano juu ya plastiki nyeusi, na mshale mmoja mfupi unaoishia kwenye kioo. Fremu isizidi ukingo wa kioo kwenda ndani. Vioo vingi vya kidole kimoja ni vidogo, takriban milimita 15 kwa 20 kwa daraja linaloitwa FAP 20, na stika ikila milimita 3 kila upande umeshapoteza zaidi ya nusu ya eneo.

Kuhusu alama yenyewe ya mistari: ichore, usipige picha ya kidole cha mtu. Alama ya kidole ni taarifa binafsi ya mtu, inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, na hakuna sababu ya kuitundika ukutani.

Anaweka ncha ya kidole

Hii ndiyo dalili tunayokutana nayo kuliko zote. Mashine inataka sehemu bapa, ile iliyo chini ya kucha kuanzia karibu na ncha mpaka kwenye kiungo cha kwanza, kwa sababu kitovu cha mistari kiko katikati hapo. Ncha ina mistari michache, tena mingi imepinda. Mashine hupata kipande, inalinganisha na kidole kizima kilichohifadhiwa, inakataa.

Kuna sababu tatu kwenye mchoro. Ya kwanza ni pembe. Mchoraji amechora kidole kikishuka kwa kusimama, kama mtu anayebonyeza kengele ya mlangoni, kwa sababu hivyo ndivyo kidole kinavyopendeza kwenye karatasi. Chora kutoka ubavuni, kidole kikiwa kimelala sambamba na kioo, kucha ikitazama juu angani. Kucha ionekane waziwazi; ndiyo inayomwambia mtazamaji upande upi uko chini. Kivuli kidogo cheusi kati ya kidole na kioo, chenye urefu wa sehemu yote inayogusana, kinaonyesha kwamba inayogusa si ncha.

Ya pili ni kidole kilichokatwa. Wachoraji hupenda kuchora kidole peke yake, bila mkono. Kwa mtu asiyezoea michoro ya kiofisi, kidole kinachoelea hewani ni kidole kilichokatwa, au ni kitu kisichojulikana kabisa. Wengine watakwambia ni soseji, wengine kipande cha muhogo. Chora mkono mpaka kwenye kifundo, na ikiwezekana ncha ya mkono wa shati. Shati linampa mtu mahali pa kuanzia: huu ni mkono, unatoka kwangu, unaelekea kule.

Ya tatu ni neno. Chini ya picha nyingi pameandikwa “Weka kidole hapa”. *Weka* haisemi namna. Mtu anaweza kuweka ncha, ubavu au ukucha, na bado ametii. Nyingine zimeandikwa “Bonyeza”, na hilo ni kosa kabisa, kwa kuwa *kubonyeza* ni kazi ya ncha ya kidole. *Gusa* ni nyepesi mno; anagusa anaondoa. Kiswahili kina neno linalobeba mkao mzima: laza. Mtu hulaza mtoto, hulaza ubao chini, na hakuna anayelaza kitu kwa ncha. Maneno matatu yanatosha kwa kazi yote: *Laza. Tulia. Inua.* Kila moja chini ya picha yake.

Ukitaka kuonyesha kosa, liwe dogo pembeni, nusu ya ukubwa wa picha sahihi, na alama ya kosa iwekwe kwenye kona. Usiipitishe juu ya kidole. Mstari mwekundu uliokatiza picha huficha kitu ambacho mtu anatakiwa akione, na anayetazama harakaharaka huona kidole tu, anaiga. Hapa tuna bahati: alama ya vema na alama ya kosa zinajulikana mpaka kijijini, kwa madaftari ya shule na kwa karatasi za kura. Zitumie hizo, usibuni nyingine.

Anagandamiza, anabiringisha, au anaondoa mapema

Kabla ya mashine kulikuwa na kidau cha wino. Wazee wengi wa Magu, Misungwi na Ukerewe wameweka dole gumba kwenye hati za mashamba na za mikopo maisha yao yote: unachovya, unagandamiza kwenye karatasi, wengine unabiringisha, unainua. Na kwenye uchaguzi unachovya kidole kwenye wino. Ukichora dole gumba na mshale mnene unaoshuka chini, umewakumbusha kazi wanayoijua, na wataifanya vizuri sana. Kugandamiza kunapanua ngozi, mistari inagusana, picha inakuwa doa jeusi. Kubiringisha kunaivuruga picha kabisa.

Punguza mshale uwe mwembamba, au uuondoe. Weka picha ya pili inayofanana kabisa na ya kwanza, mkono uleule mahali palepale, tofauti ikiwa ni taa tu: picha ya kwanza taa nyeupe, ya pili taa ya kijani yenye alama ya vema. Picha mbili zinazofanana ndizo zinazosema “usisogee”. Picha ya tatu, mkono umeinuka.

Usichore saa ili kumwambia mtu asubiri. Saa ya ukutani kwenye mlango wa ofisi ina maana yake: muda wa kufungua. Ukichora mshale mfupi kwenye tatu na mrefu kwenye kumi na mbili, Mswahili anasoma saa tisa, na atadhani huduma inaanza saa tisa.

Mashine inataka kidole kimoja, mteja anatoa cha mkono mwingine

Hapa ndipo panapohitaji uangalifu kuliko kwingine kote, na ndipo wachoraji wazuri huanguka.

Fanya hivi sasa. Inua mkono wako wa kulia, utazame kiganja, vidole vikielekea juu. Dole gumba liko upande wa kulia. Sasa geuza, utazame mgongo wa mkono huohuo. Dole gumba limehamia kushoto. Sasa inua mkono wa kushoto, utazame mgongo wake: dole gumba liko kulia. Maana yake, kivuli cha mkono wa kulia kikitazamwa kiganjani ni sawasawa na kivuli cha mkono wa kushoto kikitazamwa mgongoni. Mchoraji aliyeketi mezani hufungua kiganja chake, anakichora, anaandika “Kulia”. Mteja aliyesimama mbele ya mashine ameinamisha mkono, anachokiona ni mgongo. Analinganisha umbo na umbo, anatoa mkono wa kushoto. Amefuata picha kwa uaminifu.

Dawa yake ni kanuni moja isiyobadilika: chora kile ambacho macho ya mteja yataona mkono ukiwa tayari kwenye kioo. Yaani mgongo wa mkono, kucha zote zikionekana, vidole vikielekea mbele, shati likiwa chini ya picha. Kucha ndizo zinazofunga mjadala. Mkono usio na kucha wala mistari ya kiganja unaweza kusomwa pande zote mbili.

Kisha angalia mambo matatu ambayo huharibu hata mchoro sahihi:

Kwanza, picha kupinduliwa kompyuta. Mtu anataka mkono wa kushoto, anachukua wa kulia anaupindua, anasahau kubadilisha maandishi. Kabla ya kuchapisha weka mkono wako juu ya karatasi, ulingane na mchoro. Usipolingana, rudisha.

Pili, stika inayotazama upande wa wakala. Mashine ya mkononi hugeuzwa. Wakala ameishika, anaisukuma kaunta upande wa pili, na sasa mteja anaona vidole vinavyoelekea kwake badala ya kutoka kwake. Bandika stika ukiwa umesimama upande wa mteja, na mashine ikiwa kwenye mkao ule inaotumika.

Tatu, kidole kinachotakiwa kutiwa rangi tu. Rangi nyekundu nyepesi kwenye kidole kimoja haionekani juani, na haionekani kabisa kwenye fotokopi. Kijaze kidole hicho cheusi tii, vingine viwe mistari mitupu. Na chora mikono yote miwili kila mara, hata kama unataka kidole kimoja, ili mtu aweze kulinganisha. Mifumo mingi huvipa vidole namba: 1 ni dole gumba la kulia, 2 ni cha shahada cha kulia, kuendelea hadi 5, halafu 6 ni dole gumba la kushoto, 10 ni kidole cha mwisho cha kushoto. Skrini ikiandika “Kidole 7” ni mhudumu pekee anayeelewa. Mchoro wa mikono miwili yenye namba hizo ubandikwe upande wa mhudumu, usiwe upande wa mteja.

Asubuhi inasoma, saa sita mchana inagoma

Hilo si kosa la mchoro. Mashine za kioo zenye taa ndani hupiga picha ya kidole kwa kamera ndogo, na jua likiingia kwenye kioo linafunika mwanga huo. Mwanza iko kusini kidogo tu ya Ikweta, nyuzi kama 2.5, kwa hiyo jua la mchana linashuka karibu wima. Kibanda chenye paa fupi hakikingi. Kata kava la boksi au plastiki nyeusi, urefu wa sentimita 10 hivi, ulikunje kama paa juu ya kioo.

Mchoro unaingia kwa mlango mwingine: taa za kijani na nyekundu hazionekani juani, kwa hiyo mteja hajui amemaliza. Kama maelekezo yako yanategemea taa peke yake, yameshindwa kuanzia saa nne hadi saa kumi. Ongeza mlio, na kwenye picha uonyeshe sikio au spika pamoja na alama ya vema. Kuna wanaume pia wasiotofautisha nyekundu na kijani. Hao hawasaidiki kwa kivuli. Kila rangi iwe na umbo lake: kijani na vema, nyekundu na mkono ulioinuka.

Mikono ya mwaloni

Mwaloni Kirumba na mialo yote ya visiwani, yaani panaposhushwa samaki, ina hali zake. Anayepaa sato ana magamba kwenye mikunjo ya vidole. Anayeshika barafu ana vidole vilivyolowa na kujikunja. Anayetia chumvi sangara wa kayabo ana ngozi kavu iliyopasuka, na anayevuta nyavu ana sugu. Hayo ni matatizo tofauti, na picha moja ya bomba la maji haiyatibu yote.

Bomba na mikono peke yake husomwa kwa njia mbili: “hapa pana maji” au “choo kiko huku”. Na anayelielewa ananawa, anarudi na maji yanamtiririka, mashine inapata doa. Chora hatua mbili zilizounganishwa kwa namba, si kwa mshale: 1 kunawa, 2 kufuta kwa kitaulo. Namba zinajulikana na kila anayeshika hela. Mshale unamtegemea mtu asome kutoka kushoto, na aliyeanza kusoma madrasa anaweza kuanza kulia. Halafu weka kitaulo chenyewe, kining’inie pale pale. Picha ya kitaulo kisichokuwepo ni matusi.

Kwa ngozi kavu ya chumvi, kinyume chake kinahitajika. Mistari hutoka imekatikakatika, na unyevu kidogo huirudisha. Kitambaa kilichokamuliwa vizuri kiguswe kwa kidole, sekunde chache, kisha kidole kilazwe. Hili usilichore kwa ajili ya kila mtu, kwa sababu aliyelowa ataongeza maji. Mwachie mhudumu aamue kwa kutazama: picha kwenye skrini yake ikiwa doa jeusi, kausha, ikiwa nukta nukta, lowesha kidogo. Kioo kifutwe baada ya kila mtu mwaloni, na mjini kila baada ya watu 10 hadi 15. Mafuta ya mtu aliyetangulia huacha kivuli cha kidole chake chini ya kidole kipya.

Kamera ya uso: anavua viatu, anakasirika, anakodoa macho

Nyayo zilizochorwa sakafuni zinasaidia sana kumweka mtu kwenye umbali sahihi. Lakini zikichorwa peku, na vidole vya miguu, zinafanana na alama ya “vua viatu”. Chora soli za viatu au kandambili.

Picha ya mwanamke mwenye ushungi iliyopigwa alama ya kosa ni jambo baya. Aliyeichora alitaka kusema “uso wote uonekane”. Mama anayeisoma anaambiwa dini yake haitakiwi hapo. Geuza: mchore mama huyo amevaa ushungi wake, uso wote wazi kutoka kidevuni hadi kwenye paji, na alama ya vema. Kwa kofia na miwani, onyesha mkono ukiivua, na picha ya pili kitu hicho kikiwa mkononi. Miwani iliyopigwa mstari inaweza kusomwa kuwa wasioona hawahudumiwi.

Kwa kamera ya jicho, futa ile mistari inayotoka kwenye kifaa kwenda kwenye mboni. Mchoraji anaiona kama njia ya kutazama. Mtu anaona miale inayochoma. Chora jicho ndani ya uso, kioo cha kamera, na umbali kati yake, basi.

Taa nyekundu imewaka, mteja ameondoka

Mashine nyingi hutoa alama ileile ya X kwa mambo mawili: “jaribu tena” na “imeshindikana”. Kwa mteja, X ni X. Amekosa, kama kwenye mtihani. Anarudi Nansio kwa meli bila huduma, na kumbe ilihitaji ajaribu mara ya pili tu.

Tenganisha. “Jaribu tena” isiwe na X kabisa: iwe mkono ulioinuka, kisha mkono uliolala tena, pamoja na vitone vitatu ambavyo kimoja kimejazwa, kuonyesha kwamba bado ana nafasi mbili. “Imeshindikana” iwe picha ya mtu aliyeketi nyuma ya meza na mteja akimwelekea. Hiyo inasema nenda kwa mhudumu, haisemi nenda nyumbani.

Mchoro ulikuwa mzuri, sasa watu wameanza kukosea

Nenda ukautazame. Kwenye jua nyekundu na njano hutangulia kufifia, nyeusi na bluu hubaki. Ile X nyekundu uliyoitegemea imetoweka, na mchoro wa kosa umebaki umesimama kama maelekezo. Ndiyo maana alama ya kosa ichapwe nyeusi nene, nyekundu iwe nyongeza tu. Printa ya leza huvumilia kuliko ya wino wa maji. Ukilaminisha karatasi, acha ukingo wa plastiki wa milimita 5 kuizunguka. Ukikata sambamba na karatasi, maji ya ziwa yanaingia mvua ya kwanza.

Kwa ukubwa, hesabu nyepesi: kila mita 1 ya umbali, alama isipungue sentimita 1 ya urefu, na kwenye mwanga hafifu iwe mara mbili. Mtu wa mwisho kwenye foleni ya mita 4 anahitaji alama ya sentimita 4 angalau ili ajifunze akiwa bado anasubiri. Mistari isiwe chini ya milimita 2 kwa mchoro wa sentimita 7.

Kupima kabla ya kuchapisha

Kuna viwango vya kuanzia. Cha kimataifa, ISO/IEC 24779, ni mkusanyiko wa alama za vifaa vya bayometriki, yaani vinavyomtambua mtu kwa mwili wake, sehemu ya 4 ikihusu vidole na ya 5 uso, na ISO 9186 hueleza namna ya kupima kama alama inaeleweka. Vichukue, lakini vipime hapa. Alama haijui kama imefika Igoma.

Anza na watu 10 kwa michoro ya penseli. Wachague wasiofanana: muuza dagaa, bodaboda, mwanafunzi, mzee asiyesoma, anayezungumza Kisukuma nyumbani. Onyesha picha, uliza: “Hapa unaambiwa ufanye nini?” Usiulize “Umeelewa?”, kwa heshima mtu atakujibu ndiyo. Kisha mpe mashine iliyozimwa, afanye. Mkono unasema kweli kuliko mdomo. Andika majibu kwa makundi manne: sahihi, nusu, kosa, na kinyume. Kinyume ni kundi la hatari, yule anayefanya hasa kile unachokikataza.

Rekebisha, rudia kwa watu wengine, si walewale. Kwa mchoro wa mwisho pima watu 50. Kiwango cha Marekani cha alama za usalama, ANSI Z535.3, hutaka asilimia 85 wapate na waliosoma kinyume wasizidi asilimia 5. Kwa watu 50 hiyo ni 43 sahihi, na wa kinyume wasizidi 2. Wakiwa 3, hata kama 45 wamepata, usichapishe.

Wale ambao vidole vyao kweli havisomi

Wapo. Kuna waliofanya kazi ya chumvi au saruji miaka mingi, kuna waliokatika vidole, kuna wazee ambao mistari imelainika. Hawa ni safu ya tatu ya daftari lako, na mchoro hauwezi kuwarudishia mistari. Unaweza kuwaonyesha njia. Kama utaratibu wa huduma yako unaruhusu kidole kingine, uso, au uthibitisho wa mhudumu, chora njia hiyo kwa ukubwa uleule wa njia ya kawaida, na uibandike pembeni yake, usawa wa macho. Isifichwe nyuma ya kaunta. Chora mkono wenye kidole pungufu ukiwa na alama ya vema, na karibu yake mhudumu ameketi. Halafu mfundishe mhudumu badala ya kusema “vidole vyako havisomi” aseme: “Mama, mashine yetu imeshindwa kukusoma. Njoo huku tukuhudumie kwa njia nyingine.”